Protini za damu na seli zinazomeza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uondoaji wa chembe wakati wa mchochota

Chembe na mchochota ni nini katika majibu haya?

Chembe, hapa, ni kitu chochote kidogo kinachoonekana kwa hadubini ambacho hakitakiwi kubaki mahali kilipo: bakteria, kuvu, vipande vya seli zilizokufa, vumbi lililovutwa kwa pumzi, au fuwele zilizojijenga ndani ya kiungo. Mchochota ni ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto, kuvimba na kuuma baada ya kuumia au kuingiliwa na vimelea.

Seli nyeupe za damu zina uwezo wa kumeza. Kwa nini zihitaji protini?

Kwa sababu kumeza si tatizo; tatizo ni kujua cha kumeza na kukishika kisiponyoke. Uso wa seli na uso wa bakteria wengi una chaji hasi, kwa hiyo vinapokaribiana husukumana. Isitoshe, bakteria wengine wamejifunika ganda la sukari laini ambalo seli nyeupe haina cha kulikamatia. Protini fulani za damu hujibandika juu ya chembe, kisha seli nyeupe, ambayo ina vipokezi maalumu vya kuzitambua protini hizo, huishika chembe kupitia kwazo. Ni mfano wa karani wa bandarini anayepiga alama ya chaki kwenye mzigo: mchukuzi hahitaji kujua kilichomo ndani, anaangalia alama tu na kubeba. Protini zenye kazi hiyo huitwa opsonini.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu maelezo mengi ya kinga ya mwili yanayowafikia wasomaji huzitaja seli nyeupe kama askari wanaojitegemea. Ukiziosha seli nyeupe mpaka zisibaki na majimaji yoyote ya damu, kisha ukazichanganya na bakteria wenye ganda, zitawagusa na kuwaacha.

Hilo lilijulikanaje?

Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walikuwa wamegawanyika. Ilya Metchnikoff, aliyefanya majaribio kwa viluwiluwi vya kiti cha pweza huko Messina, Sicily, mwaka 1882, aliona seli zikiuzunguka mwiba alioudunga, akashikilia kwamba kinga imo ndani ya seli zinazomeza. Wengine walishikilia kwamba kinga imo katika majimaji ya damu, na walikuwa na ushahidi wao: mwaka 1895 Jules Bordet alionyesha kwamba uwezo wa seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, wa kuua bakteria unategemea vitu viwili, kimoja kinachostahimili joto na kingine kinachoharibika kwa joto.

Mwaka 1903 Almroth Wright na Stewart Douglas, waliofanya kazi katika hospitali ya St Mary's jijini London, walionyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Walichukua seli nyeupe zilizooshwa, bakteria, na seramu, wakavichanganya ndani ya mrija mwembamba wa kioo, wakauweka kwenye joto la mwili kwa muda mfupi, kisha wakapaka tone la mchanganyiko huo kwenye kioo cha hadubini, wakalitia rangi na kuhesabu ni bakteria wangapi wamo ndani ya kila seli. Palipokuwa na seramu, seli zilijaa bakteria. Seramu ilipopashwa moto kwanza, idadi ilishuka sana. Walipoipasha moto seramu na kuwaacha bakteria na seli kama walivyokuwa, walibaini kwamba kilichoharibika kilikuwa ndani ya seramu. Hadi leo maabara huzima sehemu hiyo ya seramu kwa kuiweka kwenye nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30.

Opsonini kuu ni zipi?

Zilizo muhimu kupita zote ni mbili. Ya kwanza ni kingamwili, hasa aina ya IgG, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya hufikia takriban gramu 10 katika kila lita ya seramu. Ya pili ni protini ya C3 ya mfumo wa komplementi, kundi la protini za damu zinazoamshana kwa msururu, yenye wastani wa gramu 1 hivi kwa lita. Baada ya hizo kuna protini zinazotambua maumbo ya jumla bila kuwahi kukutana na kimelea: CRP, ambayo hushika fosfokolini iliyo juu ya bakteria na juu ya seli zilizoharibika, lektini inayoshika manosi, ambayo hukamata sukari zilizopangwa kwa mtindo unaopatikana juu ya kuvu na bakteria, na fibronektini, ambayo hushikamana na mabaki ya kolajeni na ya damu iliyoganda. Nyingi kati ya hizi hutengenezwa na ini. Kingamwili hutengenezwa na seli za plazma, ambazo nyingi hukaa kwenye uboho na kwenye matezi.

Kama protini hizo zimo ndani ya mishipa ya damu, zinafikaje kwenye kidonda?

Hapa ndipo mchochota unapopata maana yake, na hapa ndipo wengi wanapoudhani uvimbe kuwa hitilafu tupu. Katika hali ya kawaida ukuta wa mishipa midogo hupitisha maji na chumvi kwa urahisi, lakini huzuia sehemu kubwa ya protini. Tishu inapojeruhiwa, seli zilizo karibu na mishipa hutoa histamini na kemikali nyingine, na seli zinazounda ukuta wa mshipa hujikunja kidogo na kuachana. Majimaji yenye protini nyingi humwagika kwenye tishu, yakibeba C3, kingamwili, CRP na fibrinojeni, protini ya kugandisha damu. Uvimbe unaouona kwenye kidole kilichochomwa na mwiba ni majimaji hayo hayo.

Madaktari hutumia tofauti hii kila siku. Mgonjwa aliyejaa maji kifuani huchomwa sindano na maji hayo kupimwa protini: yakiwa na protini inayozidi nusu ya ile iliyo kwenye seramu yake, hiyo ni dalili kwamba utando wa pafu una mchochota, iwe ni kwa kifua kikuu, nimonia au saratani. Maji yanayotokana na moyo kushindwa kusukuma damu kwa kawaida huwa na protini kidogo, kwa sababu yamesukumwa na shinikizo tu na ukuta wa mshipa haujafunguka.

C3 hujibandika vipi juu ya chembe?

C3 huzunguka ndani ya damu ikiwa imefumba. Ndani yake kuna kifungo cha kikemikali chenye nguvu ya kushika karibu kitu chochote, lakini kimefichwa katikati ya protini. Vimeng'enya vya komplementi vinapoikata, hugawanyika kuwa kipande kidogo, C3a, na kipande kikubwa, C3b, na kile kifungo hubaki wazi. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde C3b hupata nafasi ya kushikamana na uso wa chembe iliyo jirani. Isipoupata, kifungo hicho humalizwa na maji na C3b hiyo haiwezi tena kubandika. Ufupi wa muda huo ndio unaofanya alama ziangukie pale pale palipo na chembe badala ya kusambaa mwilini kote.

Yako mambo matatu yanayoweza kuanzisha ukataji huo. Kingamwili zikishajipanga juu ya bakteria huita protini ya C1q, na msururu mzima huanza. Lektini ya manosi nayo ina msururu wake. Njia ya tatu haihitaji mtambuzi yeyote: kiasi kidogo cha C3 hujifungua chenyewe kila wakati, na kikiangukia uso usio na kinga dhidi yake, huzaa kimeng'enya kinachokata C3 nyingine, nazo huzaa vimeng'enya zaidi. Njia hii hukuza alama zilizoanzishwa na zile mbili za kwanza, na sehemu kubwa ya C3b inayopatikana juu ya bakteria hutokana na ukuzaji huo.

Vile vipande vidogo, C3a na hasa C5a inayokatwa baadaye kutoka protini ya C5, havibaki kwenye chembe. Husambaa kwenye tishu, huongeza uvujaji wa mishipa na kuziita nyutrofili, seli nyeupe zinazowahi kufika kwenye jeraha, zifuate mahali ambako mkusanyiko wake ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo kitendo kile kile kinachoweka alama ndicho kinachowaita wachukuzi na kuwafungulia njia.

Seli ikishaiona alama, nini kinafuata?

Kinachofuata ni kazi ya hatua kwa hatua. Vipokezi vya IgG vilivyo juu ya makrofeji, seli kubwa inayomeza inayokaa kwenye tishu, hushika kingamwili za kwanza, utando wa seli husogea mbele kidogo, hushika kingamwili zinazofuata, husogea tena, mpaka kingo zake mbili zikutane upande wa pili wa chembe. Majaribio ya miaka ya 1970 yalilithibitisha hili kwa namna ya kupendeza sana: watafiti walipozipa makrofeji seli zilizobandikwa kingamwili upande mmoja tu, makrofeji zilizifunika upande huo, zikasimama pale kingamwili zilipokoma, wala hazikumaliza kumeza. Alama moja haitoshi. Inatakiwa ienee pande zote.

Vipokezi vya C3b na vya kizazi chake, iC3b, vina tabia tofauti. Makrofeji iliyotulia huweza kuishika chembe yenye alama hizo bila kuimeza. Ikikutana na fibronektini kwenye tishu iliyojeruhiwa, au ikipata ishara za C5a, huanza kumeza. Nadhani jambo hili halipewi uzito unaostahili katika mafunzo ya msingi, kwani linaonyesha kwamba alama hiyo hiyo husomwa kwa namna mbili kutegemea kama pana mchochota au hapana.

Chembe ikishaingia hubaki ndani ya kifuko. Vifuko vingine vyenye vimeng'enya huungana nacho, hali ya ndani huwa tindikali, na hasa katika nyutrofili mashine ya utando hutengeneza haidrojeni peroksaidi, ambayo kimeng'enya cha mayeloperoksidesi huigeuza kuwa asidi ya hipoklorasi, kemikali ya jamii ile ile iliyomo kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe. Kimeng'enya hicho kina rangi ya kijani, na ndicho kinachoupa usaha rangi yake. Watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye mashine hiyo humeza bakteria vizuri lakini hawawaui baadhi yao, na hupata majipu yanayojirudia.

Kwa nini seli zetu wenyewe hazipigwi alama na kumezwa?

Hupigwa, lakini alama hufutwa. Njia ya tatu ya komplementi haichagui, kwa hiyo C3b huangukia seli zetu pia. Juu ya seli zetu kuna protini zinazovunja vimeng'enya vya komplementi, na katika damu kuna faktari H, ambayo hutambua sukari za aina ya mwili wetu na kusaidia C3b ikatwe kabla haijazaa nyingine. Aidha seli hai hubeba protini ya CD47, ambayo huizuia makrofeji isimeze. Seli nyekundu zinazokosa ulinzi dhidi ya komplementi kwa sababu ya hitilafu iliyotokea kwenye uboho huharibiwa ndani ya mishipa, na mgonjwa hukojoa mkojo wa rangi ya giza, hasa asubuhi.

Kwa wagonjwa hao iko dawa ya eculizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, ambayo huzuia C5. Gharama yake kwa upande wa kinga ni dhahiri: anayeitumia huwa katika hatari kubwa ya kupata homa ya uti wa mgongo ya meningokoki, na hutakiwa kuchanjwa kabla ya kuanza.

Bakteria hukwepa vipi alama hizi?

Kila hatua niliyoieleza ina bakteria aliyejifunza kuikwepa. Nyumokoki, bakteria wa nimonia, huvaa ganda nene la sukari. Hata C3b ikibandika kwenye ukuta wake chini ya ganda, vipokezi vya seli nyeupe havifiki. Stafilokoki dhahabu hubeba protini A, ambayo huishika IgG kwa mkia, hivyo upande ambao seli nyeupe ingeushika unakuwa umeshazibwa. Meningokoki hujivika faktari H yetu wenyewe na kuonekana kama sehemu ya mwili. Bakteria wa kifua kikuu hafanyi hivyo. Yeye huikubali alama ya C3, huingia ndani ya makrofeji kwa mlango huo huo, kisha huzuia kile kifuko kisiungane na vifuko vya vimeng'enya, akaishi humo.

Dhidi ya ganda la nyumokoki jibu ni kingamwili zinazoshika ganda lenyewe, na chanjo ya nyumokoki huchochea mwili uzitengeneze. Kenya iliianza mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013. Huko Kilifi, ambako watafiti wamekuwa wakifuatilia wagonjwa tangu kabla ya chanjo, maradhi makali yanayosababishwa na aina za nyumokoki zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ubora wa chanjo za namna hii hupimwa maabara kwa jaribio ambalo Wright angelitambua mara moja: seramu ya aliyechanjwa, bakteria, komplementi na seli zinazomeza, kisha kuhesabu bakteria waliosalia.

Vipi kuhusu vumbi na fuwele, ambavyo si vimelea?

Protini za damu na za majimaji ya mapafu hujibandika juu ya karibu kila chembe inayoingia mwilini, iwe hai au la. Tofauti ni matokeo. Masizi ya moshi humezwa na makrofeji za mapafu, na mengine hubaki humo kwa miaka mingi bila kuidhuru sana seli iliyoyameza. Vumbi la silika, linalotoka kwenye miamba inayotobolewa migodini, pia humezwa, lakini fuwele zake hupasua kifuko zilichomo. Seli hufa, humwaga kemikali za mchochota, silika huachiwa huru, na makrofeji nyingine huja kuimeza tena. Mzunguko huo haukomi hata mchimbaji akiacha kazi, na matokeo yake ni kovu la mapafu na hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kwa silika, uwezo wa kumeza ndio unaoleta madhara, kwa hiyo kinga ya kweli ni kutovuta vumbi hilo: kutoboa kwa maji, kupitisha hewa mgodini na kuvaa barakoa inayofaa.

Fuwele za asidi ya yuriki katika jongo zina somo jingine. Zikivikwa IgG huamsha nyutrofili kwa ukali. Zikivikwa lipoprotini (vibeba mafuta vya damu) zenye protini ya apolipoprotini B hutulia. Fuwele ni zile zile, vazi ndilo limebadilika. Hii ni sababu mojawapo inayotajwa kueleza kwa nini shambulio la jongo huweza kupoa hata fuwele zikiwa bado zimo ndani ya kiungo.

Mchochota unaishaje?

Nyutrofili zikishameza hufa, kwa kawaida baada ya muda mfupi, na zisipoondolewa hupasuka na kumwaga vimeng'enya kwenye tishu nzima. Seli inayokufa kwa utaratibu huleta juu ya uso wake mafuta ya fosfatidilserini, ambayo seli hai huyaficha ndani. Protini S, inayojulikana zaidi kwa kuzuia damu isigande ovyo, hushika mafuta hayo kwa upande mmoja na kipokezi cha makrofeji kwa upande mwingine. C1q na CRP nazo hushika seli zilizokufa. Makrofeji inayomeza kwa njia hizi haiongezi mchochota. Huanza kutoa kemikali za kuutuliza na za kujenga tishu upya.

Umuhimu wa hatua hii unaonekana kwa wale wachache wanaozaliwa bila C1q: walio wengi sana kati yao hupata lupasi, maradhi ambayo mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya viini vya seli zake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabaki ya seli yasiyoondolewa kwa wakati huanza kutazamwa kama adui.

Kipimo cha CRP nilichofanyiwa kinahusiana na haya?

Ndiyo, ni protini ile ile. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, kwenye seramu ya wagonjwa wa nimonia. Kwa mtu mwenye afya huwa chini ya miligramu 10 kwa lita, mara nyingi chini ya 5. Ini likipata ishara ya mchochota huanza kuitengeneza kwa saa chache, na kiwango hufika kilele baada ya siku mbili hivi, pengine mamia ya mara juu ya kawaida. Kwa kuwa hupungua kwa nusu kila saa 19 hivi, daktari anayerudia kipimo anaweza kuona kama chanzo kinazimika. Kipimo hicho hakisemi mchochota uko wapi wala umesababishwa na nini.

Utapiamlo huathiri protini hizi?

Huathiri sana. Mtoto mwenye kwashiakoo hana malighafi ya kutosha ya kutengenezea protini za ini, na kiwango chake cha C3 hushuka. Uvimbe wa miguu yake si mchochota, na pale panapokuwa na maambukizi, homa na usaha huweza kukosekana kwa sababu mwili hauna nguvu ya kuvitoa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba mtoto anayelazwa kwa utapiamlo mkali apewe antibayotiki hata asipoonyesha dalili za maambukizi. Watoto wachanga nao wana komplementi kidogo kuliko mtu mzima, na IgG waliyo nayo wameipata kwa mama kupitia kondo, hasa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kwa hiyo njiti huzaliwa na upungufu.

Mtoto wangu ana selimundu. Kwa nini daktari anasisitiza penisilini na chanjo?

Chembe zilizopigwa alama ndani ya damu huondolewa zaidi na ini na bandama. Ini linamudu zile zenye alama nyingi. Bandama, ambako damu hupita polepole katikati ya makrofeji, ndiyo inayokamata bakteria wenye ganda ambao alama zao bado ni chache. Kwa watoto wengi wenye selimundu bandama huharibika katika miaka ya mwanzo ya maisha kwa kuzibwa na seli nyekundu zilizopinda, na nyumokoki akiingia kwenye damu anaweza kuua kwa saa chache. Chanjo huongeza kingamwili ili hata ini liweze kumkamata, na penisilini ya kila siku hupunguza nafasi ya bakteria huyo kuongezeka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku ilipunguza maambukizi makali ya nyumokoki kwa asilimia 84 kwa watoto wadogo wenye selimundu. Dawa hiyo kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu na kuendelea angalau hadi miaka mitano, na homa ya nyuzi 38.5 au zaidi kwa mtoto huyo ni sababu ya kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama anaonekana kucheza.